Nani Anashika Mizani? Kufundisha Biashara ya Kikoloni kwa Nyimbo na Mashairi

Mwalimu mwenzangu wa Historia, au wa Kiswahili uliyeombwa kumsaidia wa Historia: kabla hujatafuta shairi, tafuta bidhaa. Vipindi vingi vya aina hii huharibikia hapo. Mwalimu analikumbuka shairi la zama za Azimio la Arusha, limejaa mabeberu na makupe, analisoma kwa sauti nzito, darasa linapiga makofi, kengele inalia. Mwanafunzi anatoka na neno "unyonyaji" mdomoni, lakini muulize pamba ya Usukuma ilipimwa na nani, ikauzwa kwa nani, na kwa nini mkulima aliihitaji fedha ile kabla mtoza kodi hajapita, atakukodolea macho. Mashairi ya baada ya Uhuru yana mahali pake. Yanatuonyesha watu wa miaka ya 1960 na 1970 walivyoukumbuka ukoloni. Kwa biashara yenyewe, sikiliza kwanza sauti zilizokuwa karibu na mzigo.

Basi chagua bidhaa moja, na ikiwezekana iwe ya hapo hapo ulipo. Aliye Korogwe au Muheza ana mkonge. Wa Pemba ana karafuu, wa Moshi na Bukoba wana kahawa, wa Shinyanga ana pamba, na wa Kilwa ana pamba ile ile ila kwa kisa kingine kabisa. Bidhaa moja kwa vipindi vitatu au vinne inatosha. Ukitaka kuzimaliza zote muhula mmoja utaishia kuwapa wanafunzi orodha, na orodha wanazo tayari kwenye daftari.

Kisha andika maswali manne pembeni mwa ubao, yasifutwe mpaka mada iishe. Nani anabeba? Nani anapima? Nani anapanga bei? Nani hatajwi? Kila wimbo utakaoingia darasani upitishwe kwenye maswali haya, hata ule wa mapenzi. Swali la nne ndilo gumu na ndilo lenye faida kubwa, maana humlazimisha mwanafunzi kufikiri juu ya mtu ambaye wimbo umempita: mke wa mpagazi aliyefuatana na msafara akipika, mtumwa wa shambani, mteja wa mbali anayecheza piano asijue funguo zake zimetoka wapi.

Mpagazi na kitambaa

Ukianza na pembe za ndovu, wape darasa onyo moja la mapema. Misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilishamiri kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa, chini ya wafanyabiashara wa Unguja, wa pwani na Wanyamwezi wenyewe. Mwanafunzi asipoambiwa hivyo ataisukuma karne yote ya kumi na tisa ndani ya neno "ukoloni". Onyo la pili: si kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kazi, wakikubaliana ujira, wakilipwa kwa nguo na kupewa posho njiani, na wakijua kugoma wakipunjwa. Jambo hili huwashangaza wanafunzi, na mshangao huo utumie.

Nyimbo za wapagazi zimetajwa na karibu kila msafiri aliyeandika habari za njia ile. Mtoro bin Mwinyi Bakari naye, ambaye maandiko yake yamo katika Desturi za Wasuaheli iliyotoka mwaka 1903, ameeleza mambo ya safari kwa Kiswahili cha mtu anayeyajua. Mjengo wa nyimbo hizo ni wa kiongozi na waitikiaji. Usiueleze ubaoni. Toka nje. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30. Wanafunzi wakubwa wape madumu ya lita 10 tu, wazunguke uwanja mara chache kwanza kimya, halafu wakiimba wimbo wowote wa kupokezana wanaoujua. Wakirudi wamekaa, waulize pumzi ilikwenda wapi, hatua zilibadilikaje, na kwa nini kiitikio ni kifupi kuliko sehemu ya kiongozi. Hapo watakuwa wameshaielewa kazi ya wimbo, na ramani ya njia utakayoibandika baadaye itasomeka. Toka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Wazidishe wenyewe kwa mizunguko ya uwanja. (Zoezi hili likigeuka mchezo wa kuigiza watumwa, lisimamishe mara moja. Kuna watoto darasani ambao babu zao walikuwa upande mmoja au mwingine wa mnyororo.)

Upande wa pili wa mzigo ni kitambaa. Pembe ilishuka pwani, merikani ikapanda bara. Nguo hiyo ya pamba isiyotiwa rangi ilitoka viwanda vya Massachusetts kwa meli za Salem, baada ya Marekani na Sayyid Said kutiliana mkataba mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikausha, nguo za Bombay zikachukua nafasi. Na pembe? Nyingi ziliishia Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikachongwa funguo za piano. Kama shuleni kwako kuna kinanda, hata cha plastiki, kiweke mezani wakati wimbo wa mpagazi unaimbwa. Usiseme kitu. Watauliza wenyewe.

Utenzi wa forodha

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho naona tunakifundisha nusu. Vita vya Abushiri tunavifundisha kama vita vya kupinga wageni. Sawa, lakini wageni walifanya nini hasa siku ile? Walichukua forodha. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kuendesha mambo ya Mrima na kukusanya ushuru wa bandari zake. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni wakaingia Pangani, Bagamoyo na bandari nyingine kushika madaraka. Pangani ofisa aliyeitwa Emil von Zelewski akapandisha bendera ya kampuni kwa ubabe, na mji ukawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza mapigano, Bwana Heri akasimama Saadani. Kampuni ikashindwa, serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa Tanga, alivitungia vita hivi utenzi mrefu ujulikanao kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Ulichapishwa tena katika karne ya ishirini kwa kazi ya J. W. T. Allen, na maktaba za vyuo vikuu vyetu zinao. Tangu sekondari za Tanzania zilipopata somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, hakuna sababu tena ya kuuacha kabatini. Kwa walimu wa Kenya wanaofundisha Historia kwa Kiingereza, mgawane kipindi na mwenzenu wa Fasihi.

Usianze na utenzi. Anza na meza. Weka meza moja mlangoni mwa darasa, iite forodha. Mwanafunzi mmoja ni mtu wa forodha wa zamani, anayejuana na wafanyabiashara wote: huyu anampunguzia, yule anamkopesha, mwingine anamalizana naye kwa kahawa. Wengine wanapita na "pembe", "kopali", "ufuta". Waendelee dakika kumi, wazoeane. Halafu, bila kutangaza, mwondoe yule na uweke mwingine mwenye daftari, orodha ya ushuru, saa, na lugha wasiyoielewa. Anadai kila kitu kiandikwe na kulipwa papo hapo. Subiri uone kelele zitakazotokea. Ukisha kuwatuliza, wape beti chache za utenzi na swali hili: mtunzi anasema wageni wamevunja nini? Wataona kwamba heshima, dini na fedha vimefungwa pamoja, havibanduki.

Ziko beti za mwanzo za dua na hamdu ambazo walimu wengi huziruka ili wawahi mapigano. Usiziruke. Hapo ndipo mtunzi anapokuambia amesimama upande gani, na mizani yake ya haki ni ipi. Pia kumbusha darasa kuwa mtunzi ni shahidi mwenye msimamo. Zama zile zile watu wa pwani walitunga tenzi za kuwasifu Wadachi, na baadaye gazeti la Kiongozi lililochapwa Tanga likatoa nafasi kwa washairi walioandika chini ya macho ya serikali. Weka beti za sifa karibu na beti za lawama. Mwanafunzi akiuliza "Mwalimu, huyu alikuwa msaliti?" usimjibu ndiyo wala hapana. Mrudishe ubaoni: huyu alikula kwa mizani ya nani?

Hapa pia panafaa kutaja jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulisahau. Shaaban Robert, tunayemwita mfalme wa ushairi wetu, alikuwa karani wa Idara ya Forodha ya serikali ya Waingereza tangu 1926 hadi 1944. Mwajiri wake ndiye aliyehesabu shehena zikitoka Tanganyika. Sisemi kwamba mashairi yake yote yasomwe kwa jicho hilo, ingekuwa kumwonea. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu anayedhani mshairi ni mtu anayekaa chini ya mwembe akisubiri upepo, na ajue kuwa huyu alikuwa na mhuri mkononi.

Kodi, pamba, na kidole kwenye mizani

Kwa Kusini, bidhaa ni pamba na wimbo ni Majimaji. Panga mambo kwa mfuatano huu, maana ukiugeuza somo halieleweki. Kwanza kodi: tangu 1898 Wajerumani walidai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Waulize wanafunzi mtu asiye na rupia atazipata wapi, na waandike njia zote wanazoweza kuzifikiria. Kisha pamba: tangu 1902, chini ya Gavana von Götzen, mashamba ya pamba ya kijiji yalilimwa kwa amri ya maakida na majumbe, kwa malipo duni mno. Ndipo uje Julai 1905, Nandete, Umatumbi, watu walipoingia shambani wakaing'oa miche ya pamba. Miche ndiyo iliyoanza kupigwa vita. Darasa likiwa na mambo hayo matatu kwa mpangilio huo, lipe beti za Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, uliochapishwa na W. H. Whiteley mwaka 1957. Swali lao: mtunzi anavitazama vita akiwa amesimama wapi, mjini pwani au porini na wapiganaji?

Wengi watakuwa wameisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Waambie wazi kwamba tamthilia ile ni ya 1969, imeandikwa na mtu huru akizungumza na watu huru, na kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905. Vyote viwili vinafaa darasani, lakini kila kimoja kiandikwe kwenye safu yake.

Usukumani pamba ina tabia nyingine kabisa. Huko watu waliilima kwa hiari zaidi miaka ya 1950, walipata fedha, wakajenga na kununua ng'ombe. Na walipunjwa mizani. Mnunuzi aliweza kupunguza ratili kadhaa kwa kila gunia na mkulima asiyejua kusoma namba akaondoka na hasara asiyoiona. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kupima upya kabla ya kuuza, hatua ambayo ilichangia kuzaa vyama vya ushirika na, mwaka 1955, muungano mkubwa wa vyama hivyo vya Kanda ya Ziwa uliofahamika kwa kifupi kama VFCU, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu.

Wasukuma wana hazina ya nyimbo za kazi na ngoma za mashindano zisizo na mfano nchini: Bagika na Bagalu, waliotokana na mafundi wawili, Ngika na Gumha, wakishindana kila mavuno yakiisha. Fikiri kidogo juu ya wakati huo. Ngoma inachezwa baada ya pamba kuuzwa, yaani fedha ikiwa mfukoni. Wimbo unaomsifu mkulima hodari, unaomcheka mvivu, unaomtaja mnunuzi kwa jina la fumbo, ni ripoti ya msimu. Kama una wanafunzi wenye wazazi Wasukuma, waombe walete wimbo mmoja wa kulima kwa jembe, kwa Kisukuma chenyewe.

Leta mizani darasani. Ya duka la jirani itatosha, na muuza duka mwalike aje nayo. Pima kilo moja ya mchele mbele ya wote. Kisha mwenye duka aonyeshe, kwa siri kati yako na yeye, jinsi kidole au waya mdogo unavyoweza kuhamisha uzito. Wanafunzi wahesabu: gramu 100 kwa kila kilo, mara kilo za magunia ya kijiji kizima, mara misimu mitatu. Hapo ndipo waimbe. Wimbo unaolalamika juu ya mizani hautasikika tena kama kunung'unika kwa mzee.

Manamba: somo la kwenda kulitafuta

Mkonge hauna utenzi maarufu, na ndiyo maana naupenda kwa kazi ya nje. Nyimbo zake zilikuwa kwenye mistari ya shamba na kambini, na zilizobaki ziko kwenye vichwa vya watu.

Wape kwanza usuli wa habari. Dakta Richard Hindorf aliagiza vichipukizi vya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Katika 1,000 ni 62 tu vilivyofika hai vikapandwa karibu na Pangani. Vikazaa mashamba ya Tanga, Morogoro na Lindi. Kazi ya kukata haikupendwa na wenyeji waliokuwa na mashamba yao, hivyo watu wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Njombe, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na kila aliyeandikishwa akapewa namba, wakaitwa manamba. Ajira ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyotiwa alama siku kwa siku. Vita Kuu ya Pili ilipofunga njia ya katani ya Ufilipino, Waingereza waliutaka mkonge wa Tanganyika hata kwa kulazimisha watu, na vita vya Korea vilipozuka bei ikapaa. Mshahara wa mkataji haukupaa nayo.

Aliyekata mkonge akiwa kijana mwaka 1955 sasa anakaribia miaka 90. Kwa hiyo kazi hii ifanywe muhula huu, usiahirishe. Pale ambapo wazee wenyewe wameondoka, watoto wao waliozaliwa kambini wapo, na mara nyingi wanazikumbuka nyimbo kuliko unavyotegemea.

Namna ya kuwatuma wanafunzi ni muhimu kuliko maswali watakayouliza. Waende wawili au watatu, mmoja akiwa anaijua lugha ya mzee. Familia iombwe ruhusa siku moja kabla. Wabebe sukari au sabuni, si fedha. Wafike, "Shikamoo babu", wakae, waulizwe ni watoto wa nani, na simu ibaki mfukoni mpaka mzee akubali kurekodiwa. Akikataa, waandike kwa mkono. Akikataa na hilo, wasikilize tu na warudi.

Swali la kwanza lisiwe "Tuimbie wimbo wa ukoloni." Hakuna mtu aliyeimba wimbo wa ukoloni. Waulize: "Babu, mlikuwa mkiamka saa ngapi? Nyapara alikuwa nani? Mliimba mkikata au mkirudi? Jumamosi usiku kambini ngoma gani ilipigwa, na watu wa kabila gani walikuwa mafundi?" Wimbo utakuja wenyewe kwenye jibu la tatu au la nne. Ukija, uandikwe kwanza kwa lugha yake, Kiha, Kibena, Kimakonde, iwayo yote, na tafsiri ifanywe mbele ya mzee ili aisahihishe. Msimwombe auimbe kwa Kiswahili kwa faida yenu. Ataharibu wimbo kwa adabu.

Nyimbo za kazi zina matusi, jiandae. Nyapara hakutukanwa uso kwa uso, alitukanwa kwa wimbo, tena akiwepo, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Usikilize wewe mwalimu kwanza. Nakala kamili itunzwe, na darasani isomwe iliyofupishwa, ukiwaambia wanafunzi kwamba umefupisha na kwa nini. Wataielewa hoja, na pengine watakuheshimu zaidi.

Gumu zaidi ya matusi ni makabila na rangi. Nyimbo na misemo ya zama hizo humtaja Mhindi wa duka, Mwarabu wa shamba la karafuu, akida, na watu wa kabila lililodharauliwa kambini. Darasani kwako huenda wamo wajukuu wao. Usilifute jina, lakini usiliache likae peke yake pia. Liweke kwenye mnyororo mzima wa bei: mwenye duka aliyenunua pamba au karafuu naye alidaiwa na mwenye ghala wa mjini, naye na benki, naye na mnunuzi wa London au Bombay. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja waligomea karafuu kwa sababu ya sheria zilizokipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka makubwa juu ya biashara hiyo, na mgomo ukalegea tu mwaka uliofuata baada ya mapatano. Kisa hicho kimoja kinatosha kuwaonyesha wanafunzi kwamba "wao" hawakuwa kundi moja.

Na wapo waliofaidika miongoni mwetu. Wachaga walikuwa na chama chao cha kahawa tangu 1925, na muungano wao wa ushirika, KNCU, mwaka 1933. Sifa zilizoimbwa kwa kahawa ni za kweli kama malalamiko yaliyoimbwa kwa mkonge. Mwanafunzi aruhusiwe kuziandika zote mbili kwenye ukurasa mmoja bila kulazimishwa kuzipatanisha.

Santuri na kanga, kwa aliyebanwa na muda

Ukiwa na kipindi kimoja tu, tumia taarabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuuza vyungu mjini, alisafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Sauti ikavuka bahari kwenda, ikarudi ikiwa bidhaa dukani. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, nao unasomeka kwa urahisi. Au waambie kila mmoja alete kanga ya nyumbani, kwa ruhusa ya mama. Wasome jina, kisha wasome ukingo mdogo wa pembeni palipoandikwa mtengenezaji na nchi. Kanga za zamani zilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, wakati maneno yalitungwa hapa, mengi yakipitia kwa wafanyabiashara kama Kaderdina wa Mombasa. Hapo maswali yetu manne yanajibiwa kwenye kipande kimoja cha nguo, na la kwanza, nani anabeba, lina jibu la wazi.

Wakitunga wenyewe

Baada ya kusikiliza, watunge. Toa masharti makali: ubeti lazima uwe na kipimo kimoja, mahali pamoja na mtu mmoja mwenye kazi. Maneno "mkoloni", "unyonyaji" na "mabeberu" yamepigwa marufuku mpaka rasimu ya pili. Mpe kila mmoja sauti: ya gunia, ya karani, ya mtoza kodi, ya mke aliyebaki kijijini. Mfano huu niliutunga kwa ajili ya darasa, sauti ni ya mpagazi, ili waone kwamba masharti hayabani sana:

Frasila mbili begani, njia haina kivuli,
Toka Tabora mjini, jua la Ugogo kali,
Ikishatua mizani, bei asema wakili,
Changu ni nguo mwilini, pembe yasafiri mbali.

Waache waukosoe. Wa Kiswahili watahesabu mizani, wa Historia watauliza wakili gani, wa mwaka gani, na nguo ilikuwa mikono mingapi. Yote ni maswali halali.

Kwa darasa lenye kelele, ngonjera ni bora kuliko shairi la mtu mmoja. Mathias Mnyampala aliyeueneza mtindo huo aliupa umbo la majibizano, na biashara ni majibizano tangu mwanzo: mkulima na mnunuzi, kila mmoja ubeti wake, mpaka bei ifikiwe au mmoja abebe gunia arudi nalo. Usiwaandikie mwisho. Kundi moja litauza kwa hasara kwa sababu kodi imekaribia, jingine litagoma, na tofauti hiyo ndiyo mjadala wa kipindi kinachofuata.

Wakati wa kusahihisha, tenganisha alama. Nusu ni za historia: bidhaa, mahali, kipimo, mfuatano wa mambo. Nusu ni za utungo, na hizo atoe mwalimu wa Kiswahili. Vina vikiwa guni katika rasimu ya kwanza, pita navyo. Kijana anayehangaika na kina cha kati atakimbilia neno lolote linaloisha na "-ni" na historia itapotea. Kosa la mwaka au la bei, hilo lisipite.

Rekodi za wazee zipe jina, tarehe, kijiji na lugha siku ile ile zilipochukuliwa, kabla simu haijapotea au kufutwa kupisha picha. Nakala moja ikae maktaba ya shule, nyingine ipelekwe kwa mzee mwenyewe au kwa wanawe. Kama aliomba jina lake lisitajwe, liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwa mwalimu mkuu.